Nyumba Tulizoziruka

Siku ya kwanza kazini nilipewa ubao wa kuandikia wenye kibanio, penseli mbili, mfuko wa plastiki wa kukinga karatasi na mvua, na onyo. Onyo lilitoka kwa Bwana Charo, Msimamizi wa Nyanjani. Alitupanga sisi wanawake sita kwenye ngazi za ofisi pale Makupa, juu ya duka la vipuri vya malori, akapaza sauti ishinde ngurumo za barabarani: "Mnaingia majumbani mwa watu. Mtu akikupa kiti, shukuru. Akikupa chai, kunywa. Akikupa jibu, liandike kama alivyolitoa, si kama ambavyo ungependa wewe. Atakayeniletea fomu aliyoijaza amekaa chini ya mti, namrudisha kwao siku hiyo hiyo."

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kazi yetu haikuwa na jina zuri. Mtaani walituita "wale wa maswali". Mume wangu Omar, fundi wa saa, yeye aliniita Bi Maswali mpaka mwisho wa maisha yake. Kwenye barua ya ajira niliandikwa mhoji, maana yake mtu anayekwenda nyumba kwa nyumba akiuliza maswali yaliyotungwa na mwingine, bila kuongeza wala kupunguza neno. Nyinyi mnaokwenda leo na vishikwambi mikononi, mashine ikiwaambia swali la kuruka na la kurudia, hamjui raha ya kukosea kwa penseli na kufuta.

Mtafiti Mkuu tulimwita Daktari tu. Alikuwa mama wa bara, mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alikuwa amesomea mambo mawili: jinsi magonjwa yanavyosambaa katika watu, na jinsi nafsi ya mtu inavyoamua kuhusu afya yake. Watu wa kisiwani kwetu walikuwa wameambiwa wachemshe maji ya visima, na walijua sababu, mbona hawakuchemsha? Hilo lilikuwa swali lake la kwanza. La pili: ni nani wanaokufa kwa kuhara, na katika mitaa gani? Kwa majibu yetu, wakubwa wa afya wa mji wangeamua visima vya wapi vitiwe dawa kwanza na wauguzi wapelekwe wapi kabla ya masika. Dawa haikutosha mitaa yote kwa mara moja. Hilo tuliambiwa siku ile ile ya kwanza, na naliandika hapa mapema ili nisije nikajificha nyuma ya kutojua.

Tulifundishwa wiki mbili. Tulijifunza kuomba ridhaa, yaani kumweleza mtu anachoulizwa na kwa nini, na kwamba ana haki ya kukataa bila kununiwa. Tulijifunza kutomwongoza mhojiwa hata kwa kutikisa kichwa. Hojaji yenyewe, ile fomu ya maswali, ilitafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine ambaye hakuiona ya asili akairudisha kwa Kiingereza, wakalinganisha kuona kama maana imebaki pale pale. Haikubaki. Toleo la kwanza liliuliza: "Je, unahisi kukosa matumaini kuhusu kuchemsha?" Nilipomsomea Omar alicheka mpaka kibano kikamponyoka, na gurudumu la saa ya mteja tukalitafuta uvunguni hadi magharibi. Kesho yake nilimweleza Daktari. Hakukasirika. Alinikabidhi kalamu, akaniambia nilisahihishe. Tangu siku hiyo akawa ananisikiliza, na mimi nikawa na kiburi kidogo.

Kuchagua nyumba kulikuwa na kanuni yake. Huchagui unayoipenda, wala yenye kivuli, wala ya shoga yako. Unapiga kura ya mlango wa kuanzia, halafu unahesabu, kila mlango wa tano unaandika namba kwa chaki. Nyumba zinazopatikana hivyo huitwa sampuli: chache zinazosema kwa niaba ya zote. Mji wa Kale uliisumbua kanuni hii. Mlango mmoja wa nakshi ulikuwa na kaya tatu ndani yake, nyingine ikiingiliwa kwa mlango wa wanawake wa uchochoroni. Tulikatazwa pia kuwahoji ndugu zetu. Marafiki hawakutajwa, na bahati nzuri, maana mwenyeji wa mtaa kama wetu wa Kibokoni akikatazwa kuhoji anaowajua atabaki kuhoji paka.

Kwa kila nyumba tulipewa namba za kuandika juu ya fomu, misimbo. Moja: amekubali. Mbili: amekataa. Tatu: hakuna mtu nyumbani. Nne: wamehama. Kwa msimbo wa tatu uliruhusiwa, baada ya kurudi mara kadhaa, kuchukua nyumba ya kulia badala yake. Siku ya mwisho ya mafunzo niliinua mkono.

"Na nyumba yenye msiba, Bwana Charo? Twaandika ngapi?"

Alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa Rabai, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, mwenye adabu ya watu wa kale. Daktari hakuwapo chumbani. "Kwetu, mtu akiwa kilioni hata chifu hamsumbui," alisema. "Msinitie aibu. Toeni pole, andikeni tatu, mwende mlango wa pili."

Hakuna aliyeona kosa. Tulimwona muungwana. Na nasema kweli, hata kama angalituamuru tuhoji, tusingalifanya. Mwanamke wa Kimvita aliyelelewa akaleleka aingie kwenye nyumba iliyotandikwa majamvi barazani, watu wanasoma hitima, yeye atoe penseli aulize marehemu aliharisha mara ngapi? Mamangu angalinipasua. Kabla ya arubaini hatukugusa nyumba. Na penye mjane aliye edani, ile miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani bila wanja wala manukato, hatukugusa mpaka eda iishe. Kufikia wakati huo utafiti ulikuwa umekwisha pita mtaa huo.

Kibarani mambo yalikuwa mengine. Wengi waliokaa kule karibu na jaa la taka walikuwa wametoka mbali, na maiti zao zilisafirishwa makwao kuzikwa. Msiba uliondoka na maiti. Ungewakuta watu wamerudi, wamechoka, wanapika, na ukiuliza kama kuna aliyefariki wanakujibu pale pale, wanakuonyesha na kitanda. Niliandika vifo vingi Kibarani. Nilirudi nyumbani nikilia, viatu vinanuka moshi wa taka, na nikajiona nafanya kazi.

Mlango wa Zuhura ulinifikia kwa hesabu, sikuuchagua. Zuhura tulisoma chuo cha Kurani pamoja tukiwa watoto, tukila fimbo za mwalimu mmoja. Alikuwa mshoni wa kofia za mkono, mwenye vidole vyepesi, na mumewe Athman alikuwa seremala. Nilikuwa nimesikia kwamba Athman amefariki, nami nilikwenda kuzika kama watu wengine, nikakaa na wanawake, nikarudi kwangu. Sasa ulikuwa umepita mwezi na ushei, na chaki yangu mwenyewe ilikuwa imeandika namba kwenye ubao wa mlango wake.

Nilipiga hodi kwa nia ya kumwamkia tu. Alikuwa ndani, amevaa nguo nyeupe, binti yake Salma wa miaka tisa amekaa kwenye kizingiti cha ua anasuka ukili wa mkeka. Nyuma yake kilikuwa kisima, kisima cha uani kilichotumiwa na nyumba tatu.

"Makiwa, dadangu," nilimpa pole.

"Tunayo," alijibu. "Ndoo ndani, Khadija. Usisimame mlangoni kama mgeni." Aliutazama ubao wangu na karatasi zake. "Wafanya kazi ya afya, n'nasikia."

"Ya kuuliza tu."

Alilivuta vuta pindo la ushungi. Kisha akasema, "Athman yalimwanza alfajiri, Khadija. Alikuwa ameamka kutawadha, akanambia tumbo..."

Nami nikamkamata mkono. "Wata, dada. Usiyaseme hayo sasa. Usijitoneshe. Mungu akupe subira."

Alinitazama. Nilidhani ni shukrani. Tulizungumza habari za Salma na shule, nikanywa kahawa, nikatoka. Uchochoroni nikaegemeza ubao ukutani nikaandika tatu. Hakuna mtu nyumbani. Nikaenda nyumba ya kulia, kwa bibi mmoja aliyeletewa maji ya mfereji kwa mkokoteni kila asubuhi na hakuwahi kuharisha tangu uhuru. Alijibu maswali yote kwa furaha. Kifo: hakuna.

Kazi ya nyanjani ilipoisha, wenzangu waliagwa, mimi nikabakizwa ofisini kuingiza majibu kwenye kompyuta, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Kompyuta ilikuwa moja, katika chumba chenye mtambo wa baridi kilichofungwa kama kaburi la mfalme. Kila fomu iliingizwa mara mbili, na watu wawili mbalimbali, halafu mashine inalinganisha ionyeshe palipotofautiana. Hivyo makosa ya vidole hukamatwa. Makosa ya moyo hakuna mashine iliyoyaonyesha.

Asubuhi moja Daktari aliingia na karatasi ndefu mkononi, akavuta kiti.

"Khadija, wewe ni mwenyeji. Nisaidie hapa. Mji wa Kale una 'hakuna mtu nyumbani' nyingi kupita Kibarani. Si nimeambiwa wanawake wa huko hukaa ndani zaidi?"

Nilimwona Bwana Charo kupitia kioo cha mlango. Alikuwa amesimama na faili, amesikia, ameacha kupekua. Alikuwa na watoto watano shuleni. Wale wenzangu walikuwa wameahidiwa kazi katika utafiti utakaofuata. Na mimi nilikuwa na kile kiburi changu, cha kuwa ndiye anayesikilizwa. Yote hayo yalinipita kichwani kwa muda wa kumeza mate.

"Ulikuwa msimu wa harusi, Daktari," nilisema. "Huko kwetu harusi wanawake huhamia kwa mwenye shughuli hata wiki nzima."

Alicheka, akafurahi kupata jibu. "Harusi! Ningejuaje mimi?" Akaliandika ukingoni mwa karatasi. Baadaye nililisoma tena, limepigwa chapa vizuri kabisa katika ripoti, chini ya ukurasa kwa herufi ndogo: kwamba kaya kadhaa za Mji wa Kale hazikupatikana kwa sababu ya msimu wa harusi.

Wakubwa wa afya waliketi na ripoti ile. Ilisema Mji wa Kale hauna vifo vya kutisha. Ilisema pia kwamba watu wake hawana hofu kubwa na maji ya kisima, na Daktari alieleza jambo hilo kwa utulivu: mtu hupima hatari kwa anayoyaona na kuyasikia karibu yake, na mahali pasipo na vifo vingi hofu huwa ndogo. Hesabu zilikubaliana. Nilikuwa nimekaa nyuma nikigawa karatasi, na nilijua kwamba zinakubaliana kwa sababu zote mbili zilitoka kwa majirani wa wafiwa. Dawa ya visima na wauguzi vikaanzia Kibarani na Makupa. Mji wa Kale ukawekwa awamu ya pili, baada ya mvua. Sina kinyongo na watu wa Kibarani, walistahili. Lakini nilikuwa na mdomo, na nilikaa nao umefungwa.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Maji yalijaa kwenye vichochoro, vyoo vikafurika, na visima vikapanda mpaka ungeweza kuchota kwa mkono. Salma aliugua Jumanne. Jumatano alipelekwa hospitali, amechelewa. Alhamisi adhuhuri nilikuwa natoka ofisini nikamkuta Omar amesimama chini ya ngazi, ameacha duka wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinichukulia mkoba wangu tu, tukatembea.

Nilikaa matangani siku zote tatu. Nilisugua masufuria, nikapepea mkaa, nikafanya kila kazi ya kunikalisha uani mbali na uso wa Zuhura. Wanawake walisema yanayosemwa, kwamba ahadi yake mtoto ilifika, kwamba Mungu amempenda zaidi. Hakuna aliyesema kisima. Kilikuwa pale katikati yetu, kimefunikwa bati, na maji ya kuoshea vyombo yalitoka humo humo.

Asubuhi baada ya hitima nilikwenda Makupa kwa miguu. Nilimkuta Bwana Charo peke yake, nikamwambia kila kitu, kuanzia mlango wa Zuhura hadi harusi. Alivua kofia akaiweka juu ya meza.

"Ile harusi naliisikia," alisema. "Ningaliweza kufungua mlango. Mimi ndiye niliyewaambia muandike tatu, mama. Twende."

"Watoto wako, Bwana Charo?"

"Huyo aliyekufa alikuwa mtoto wa nani?"

Daktari alitusikiliza bila kukatiza. Tulipomaliza alifungua ripoti, akatafuta ule ukurasa, akaweka kidole kwenye herufi ndogo. "Harusi," alisema. "Niliandika harusi." Alivua miwani ikaning'inia. Nilingojea kufukuzwa, na wallahi ningalifarijika. Badala yake alivuta hojaji tupu akaigeuza juu chini kama anayeiona mara ya kwanza. "Nimeweka nafasi ya aliyekataa, ya asiyekuwapo, ya aliyehama. Nafasi ya aliyefiwa sikuiweka. Natafuta vifo, na fomu yangu haina mahali pa msiba." Kisha akanitazama, na macho yake hayakuwa na upole. "Lakini nilikuuliza, Khadija. Nilikuuliza wewe."

Katika elimu yetu jambo lile lina jina. Huitwa upendeleo wa sampuli. Si kwamba mtu amependelea kwa nia mbaya. Ni kwamba waliojibu wanatofautiana na wasiojibu katika jambo lile lile unalolitafuta. Ukichunguza vifo huku ukiziruka nyumba za wafiwa, unachunguza wazima. Nimewafundisha hilo vijana wengi, ubaoni, kwa mshale na duara. Wanalinakili upesi.

Daktari aliamuru turudi kila nyumba ya msimbo wa tatu. Wale wenzangu waliitwa, na ikadhihirika kwamba kila mmoja alikuwa na zake za wafiwa. Daktari alitaka nyumba ya Zuhura apewe mwingine. Nikakataa.

Nilimkuta Zuhura amekaa pale pale alipokaa edani, kofia isiyokwisha mapajani, sindano imechomekwa haisogei. Eda ya mumewe ilikuwa imekwisha, lakini hakuwa amerudi kupaka wanja. Nilimweleza nilivyopaswa kumweleza mara ya kwanza: utafiti ni wa nini, ana haki ya kukataa. Nikamwambia pia kwamba niliandika hakuna mtu nyumbani, na kilichotokea kwa sababu hiyo. Sikulia. Niliona kulia mbele yake ni kumwomba anibembeleze.

"Walikuja watu wote hapa, Khadija," alisema. "Wote wakanambia nisubiri. Hapana aliyeniuliza mume wangu amekufa na nini. Weye ukaja na makaratasi yako, nikasema moyoni, alhamdulillahi, huyu ataniuliza. Nikaanza. Ukanifunga kinywa."

"Nalikuonea huruma, Zuhura."

"N'najua. Mimi nalikuwa nakituhumu kile kisima. Athman peke yake ndiye aliyekuwa akiyanywa yale maji mabichi, sisi wengine twanywa chai. Nalitaka kukwambia hilo. Lakini uliponikataza, nikasema, huyu ni mtu wa afya, kaja hapa, kakiona kisima, hakuuliza kitu. Basi pengine si kisima. Pengine ni ahadi yake tu." Alikivuta kile kitambaa cha kofia, akakinyoosha juu ya goti. "Nikawa simkatazi Salma, namwata ayanywe."

Mwishowe nilisoma swali kama lilivyoandikwa, kwa sababu ndiyo kazi, na kwa sababu yeye alikuwa ananingoja nilisome. Katika miezi kumi na miwili iliyopita, kuna mtu wa nyumba hii aliyefariki?

"Wawili," alisema. "Andika."

Akasimulia kutoka ile alfajiri ya Athman, saa kwa saa, na mimi nikaandika, na nilipotaka kumpumzisha alinitikisia kichwa niendelee. Penseli ilivunjika, akanipa ya Salma, ya shule, iliyotafunwa mwishoni.

Dawa ilitiwa katika visima vya Mji wa Kale wiki mbili baadaye. Ripoti iliandikwa upya. Daktari alimaliza kazi yake akarudi bara, na kila hojaji aliyoitunga baadaye na kuniletea niisahihishe ilikuwa na msimbo wa tano: nyumba ina msiba, rudi kwa adabu. Bwana Charo alibaki mpaka akastaafu. Mimi nilipelekwa Mwembe Tayari kuwahoji madereva wa mabasi ya bara kuhusu usingizi na wasiwasi, wale waliojibu "mara chache" huku macho yanafumba. Kisha nikawa Msimamizi wa Nyanjani mwenyewe, nikirithi meza ya Bwana Charo na ngurumo zake za malori. Niliwaonya wanawake kwenye zile ngazi kwa miaka mingi. Wengine walinisifu kwa umakini. Sikupenda kusifiwa.

Zuhura hakunitamkia tena habari ile. Hakunikatia mguu, na hakunisamehe kwa maneno. Alikuja kwangu Idi, nami nikaenda kwake. Mara moja tu, Omar alipotimiza miaka sitini, alimletea kofia, na nilipoitazama niliijua nakshi yake. Ndiyo ile iliyokuwa mapajani. Alikuwa ameimaliza.

Omar amefariki mwaka huu. Sukari ilimla polepole, na kidonda cha mguu alikificha ndani ya soksi kwa sababu hakutaka Bi Maswali aanze maswali yake. Ninaandika haya nikiwa edani, katika chumba cha juu, saa za wateja wasiozijia zikigonga kila moja kwa wakati wake.

Juzi saa nne asubuhi paligongwa hodi. Zuhura alikuwa kwangu, huja kila siku, anakaa karibu na dirisha anashona, siku hizi kwa miwani. Aliingia msichana mwenye kishikwambi na beji shingoni, mtoto wa watu, mwenye adabu. Aliona nguo zangu nyeupe akasita kizingitini.

"Makiwa, bibi."

"Tunayo, mwanangu."

"Samahani sana. Tulikuwa twafanya utafiti wa maradhi ya sukari, nyumba yako imeangukia kwenye sampuli. Sitakusumbua. Nitakwenda hapo jirani." Alikuwa amekwisha kugeuka. Niliona kidole chake kikitafuta mahali pa kuandika msimbo kwenye kile kioo, na nikajua anaandika nini.

Zuhura aliacha kushona. Akanitazama.

"Rudi," nikasema. "Ndoo, keti hapa. Uliza."

Akakaa ukingoni mwa kiti, akatafuta ukurasa wake, akasoma vizuri, bila kuongeza wala kupunguza. Katika miezi kumi na miwili iliyopita, kuna mtu wa nyumba hii aliyefariki? Swali hilo nimelitamka katika nyumba nisizoweza kuzihesabu. Sasa nilifungua kinywa na sauti haikuja. Msichana akafadhaika, akashusha kishikwambi, akaanza kuniambia basi, bibi, si lazima.

"Usimkatize," Zuhura akamwambia. "Mpe wakati. Atasema."

Alinishika mkono, akaushikilia, nami nikaanza na siku nilipoiona soksi.